Wimbi la Kamba, Wimbi la Josho

Siku mliyoniaga kwa pilau na godoro jipya, mwalimu kijana aliyechukua vipindi vyangu vya fizikia alinivuta pembeni akaniuliza, "Mzee, mada ya mawimbi ulikuwa unaiingiaje? Mimi nikiianza wananitazama tu kama nasoma matokeo ya uchaguzi wa nchi nyingine." Sikumjibu vizuri. Mtu anayestaafu haachwi amalize sentensi. Kila mara anaitwa kupigwa picha. Namjibu hapa, naye awape wengine. Ya vyeo na mishahara hamtayaona humu. Vyeo vilikuja vikapita, na mshahara mnaujua.

Nilifika shuleni kwetu nikiwa kijana mwembamba kutoka Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara, nimekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori. Mimi ni Mwikoma. Huku Tarime wengi ni Wakurya, na kwao Mwikoma ni mtu wa kutaniwa kwamba amelelewa na nyumbu. Mlinzi wa shule alipoambiwa mwalimu mpya ametoka Serengeti, alichungulia nyuma yangu akauliza, "Na simba umemwacha wapi, mura?" Mura ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume. Nilicheka kwa adabu tu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba huku mtu asiyetaniwa bado hajakaribishwa.

Maabara ilikuwa chumba chenye meza ndefu, kabati lisilofunga na dirisha moja. Humo nilimkuta Mwalimu Ghati, mama wa makamo ambaye kabla yangu alifundisha fizikia ya shule nzima peke yake. Aliutazama mkoba wangu wa vitabu kwa huruma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Makuru?"

"Ndiye mimi."

"Umekuja na kamba?"

"Kamba ya nini, Mwalimu?"

"Ya kufundishia mawimbi. Au wamekuahidi yatakuja kwenye boksi?"

Nilidhani ni utani mwingine. Nikaingia darasani na kitabu changu, nikafundisha kama nilivyofundishwa chuoni. Nikawaambia: tupa jiwe majini, weka jani juu ya maji, utaona wimbi linapita na jani linabaki pale pale. Wimbi hubeba nishati, halibebi maji. Niliona nimesema jambo zuri sana.

Mkono ukanyooshwa. Alikuwa kijana aitwaye Chacha, mrefu kuliko mimi.

"Mwalimu, jani linakwenda."

"Haliendi, Chacha. Linapanda na kushuka."

"Nimelitupa mwenyewe pale Mto Mara, Mwalimu. Likienda halirudi."

Darasa zima likamuunga mkono. Mmoja akasema linafika ziwani, mwingine akasema kabla ya ziwa mamba analipitia. Nilipowapa jaribio la kwanza, karibu wote waliandika kwamba wimbi ni maji yanayohama. Nikarudi maabara nimejiinamia.

Mwalimu Ghati alisoma majibu yale, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Hawajakosea. Wewe ndiye umewapa maji ya watu wa ziwani. Watoto hawa maji wanayoyajua ni ya mtoni na ya mvua inayoteremka mlimani, na hayo yote yanakwenda. Waachie maji yao. Kesho ni siku ya kuogesha ng'ombe. Wapeleke joshoni."

Tukaenda. Asiyelijua josho namweleza: ni shimo refu la saruji lililojaa dawa ya kupe, na ng'ombe hufikishwa hapo kwa njia nyembamba ya miti, mmoja nyuma ya mwingine, bila nafasi ya kugeuka. Aliye mbele kabisa anaiona dawa na hataki kutumbukia. Basi wenye ng'ombe humchapa aliye nyuma kabisa. Yule anamsukuma wa mbele yake, wa mbele yake anamsukuma anayefuata, na kila mmoja akishasukuma anarudi kidogo alipokuwa. Msukumo peke yake ndio unaosafiri mstari mzima, hadi yule mkaidi wa mbele anajikuta anaogelea.

"Nani ametembea kutoka nyuma mpaka mbele?" niliwauliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Sasa kilichofika mbele ni nini?"

Wakageuka kuwatazama ng'ombe. Kisha Chacha akasema polepole, kama mtu anayepima kauli yake, "Ni kusukumwa."

Ndivyo tulivyolipata wimbi la josho. Vitabu vina jina refu la Kiingereza kwa wimbi la namna hii, ambalo chembe zake hutikisika kwa kufuata njia ile ile wimbi linakokwenda. Wanafunzi wangu walilijua jina hilo kwa ajili ya mtihani. Kwa ajili ya kuelewa walisema josho. Sauti ni josho la hewa: hewa inabanwa, inaachia, inaibana ya mbele yake, mpaka inagonga sikio lako.

Kamba nayo nilikuja kuielewa. Mwalimu Ghati alikuwa na kamba ndefu ya katani, ile ya kufungia madume, na katikati yake alishona kitambaa chekundu. Wanafunzi wawili wanaishika kila mmoja upande wake, mmoja anaitikisa. Wimbi linakimbia kwenda kwa mwenzake, ila kitambaa kinapanda na kushuka tu, hakisogei kwenda popote. Hilo ni wimbi la kukingama: mtikisiko unakata njia ya wimbi. Vijana wangu wa kazi, msiache kushona kitambaa. Bila kitambaa mwanafunzi anatazama wimbi. Kikiwepo anatazama sehemu moja ya kamba, na somo lote liko katika sehemu hiyo moja.

Miaka ikaenda. Simu zilipofika, mawimbi ya redio na mwanga yakawa mepesi kufundisha. Hayo hayahitaji kamba wala hewa, yanapita hata penye utupu, ndiyo maana jua linatufikia. Tulipokwenda Sirari, mpakani, kwenye michezo ya shule, simu yangu ilinikaribisha Kenya nikiwa bado nanunua mahindi ya kuchoma Tanzania. Niliwaonyesha wanafunzi. "Mnaona? Wimbi hili halikusimama kugongewa muhuri." Na waliotoka nyumba za jirani na mgodi wa Nyamongo hawakuhitaji kuambiwa kwamba mtikisiko hupita haraka zaidi ardhini kuliko hewani. Mgodini wakilipua, kikombe kinatetemeka mezani kwanza, mlio unafuata baadaye. Walikuwa wameliona hilo tangu utotoni, hawakuwahi kuulizwa tu.

Sasa nifike kwa Bhoke, kwa sababu bila yeye haya yote yangebaki mbinu za kufundishia.

Bhoke alikuwa msichana wa kidato cha pili. Alikaa dawati la mbele kabisa na kunitazama mdomoni, si machoni. Nikigeuka kuandika ubaoni, kalamu yake ilisimama. Michoro yake ilikuwa safi kuliko ya wenzake wote, lakini chochote nilichokitamka bila kukiandika alikikosa. Na alizungumza chini chini sana, sauti kama ya mtu aliye kanisani. Ukimwambia apaze, alikutazama kwa mshangao, kama umemwonea. Katika chumba cha walimu wengine walisema ana maringo, wengine wakasema ni aibu tu ya kike, itaisha.

Baba yake alikuja mwenyewe. Alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache, akasimama mlangoni mwa maabara na fimbo yake.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia usisumbuke zaidi. Muhula ukiisha, Bhoke atabaki nyumbani. Masikio yake yalianza kuharibika akiwa mdogo, sasa ndiyo yamekwisha kabisa. Na shule ni ya masikio."

"Mzee, mtoto huyu ana akili."

"Sijasema hana. Ng'ombe naye ana akili, lakini simpeleki shule." Alisema bila ubaya. Kisha akaongeza, "Wenzake wanamcheka. Mimi ni baba. Nimechoka kumwona akirudi vile."

Nilimwomba tu ruhusa nifike kwake Jumamosi, akakubali.

Nilipofika, babu yake Bhoke alikuwa amekaa kivulini ubavuni mwa nyumba akipiga iritungu. Hiyo ni ala ya nyuzi ya Wakurya, ya mti na ngozi, kubwa kiasi cha kuwekwa chini. Bhoke alikuwa amepiga magoti kando yake, kidevu amekiegemeza juu ya mti wa ala ile, macho amefumba. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lilikuja mahali pake, pale ambapo wimbo unageuka.

"Huwa anakaa hivyo?" nikamuuliza babu baada ya shikamoo.

"Tangu mdogo. Wanasema hasikii. Mimi nikikosea uzi, huyu ananikunjia uso. Hawa wengine wenye masikio hawajui hata nimekosea."

"Ni mazoea tu," baba akasema.

"Mazoea yako wewe ni kutosikiliza," babu akamjibu, akaendelea kupiga.

Uji niliopewa ulipoa mkononi. Nilikuwa nimefundisha jambo lile miaka mingi na sikuwahi kuliona limepiga magoti mbele yangu. Uzi unatikisika kama kamba ya Mwalimu Ghati. Uzi unautikisa mti, mti unautikisa mfupa wa kidevu, mfupa unapeleka mtikisiko mpaka ndani kabisa ya sikio bila kupita tunduni. Na ile sauti yake ndogo nayo ikapata maelezo. Zibeni masikio yenu kwa vidole sasa hivi mseme neno lolote: sauti yenu wenyewe inajaa kichwani. Bhoke hakuwa na maringo wala aibu. Alijisikia anapiga kelele.

Jumatatu tulimwita maabara, Mwalimu Ghati na mimi. Tulikuwa na kile chuma chenye meno mawili kama uma, ambacho ukikigonga hutoa mlio mmoja mtulivu. Nilikigonga nikakisogeza karibu na sikio lake. Akatikisa kichwa. Nikakigonga tena, nikaweka shina lake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio.

Macho yake yalifunguka. Alikishika kiganja changu ili nisikiondoe.

"Kinalia," alisema kwa ile sauti ya kanisani.

Tukajaribu upande wa pili. Ikawa vile vile. Mwalimu Ghati alikaa kwenye kiti, akavua miwani yake. "Makuru," akaniambia, "mlango ndio umefungwa. Nyumba ina watu."

Kumshawishi baba yake kuliachwa kwa Mwalimu Ghati, kwa sababu mimi ni Mwikoma na maneno ya Mwikoma huku yana punguzo. Nilikuwepo lakini.

"Mkimpeleka hospitali na wakashindwa?" baba aliuliza.

"Atabaki nyumbani kama ulivyosema, na mimi sitakuja hapa tena kukusumbua," Mwalimu Ghati akasema.

"Hilo la kutokuja naliona gumu kwako."

"Ni gumu. Ndiyo maana nataka wasishindwe."

Wakaenda Tarime mjini hospitali, baba, mtoto na Mwalimu Ghati katikati yao. Daktari hakuahidi kitu. Alisema masikio yote mawili yameziba kwa usaha wa miaka na uchafu uliogeuka jiwe, na kwamba akishayasafisha na kuyakausha ndipo ataona kama kuna kilichobaki. Yalikuwa matibabu ya kwenda na kurudi. Dawati la mbele likakaa tupu. Niligundua kwamba nilikuwa nimezoea kufundisha nikimwelekea yeye, nikitamka kila neno kwa ukamilifu, na sasa nilitamka hivyo hivyo mbele ya ubao wa dawati. Muhula nao ulikuwa ukielekea mwisho.

Alirudi siku zikiwa zimebaki chache. Kengele yetu ni rimu ya gari, mnaijua, na ilipogongwa aliruka kama amechomwa. Kisha akacheka. Sikio moja lilikuwa limerudi vizuri, la pili nusu. Wenzake walimvuta huku na huku wakimnong'oneza mambo ya ovyo nyuma ya mgongo ili waone kama atageuka, naye aligeuka kila mara. Akaenda kukaa nyuma kabisa na marafiki zake. Lakini baba yake hakuwa amebadili kauli. Alichoniambia ni kwamba kusikia ni jambo moja, na kusoma alichokikosa miaka yote ni jingine. Mtoto ameshachelewa, na yeye hataki achekwe mara ya pili.

Wiki ile mvua zilikuwa zimelijaza lambo lililo chini ya shule, na maji yake yalikuwa yametulia. Nikaona ndiyo nafasi ya kuwapa maji yasiyokwenda. Niliwapanga ukingoni. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wakinywa, na mwenye ng'ombe alikuwa baba yake Bhoke, ameegemea fimbo, hatutazami kwa makusudi.

Nilisubiri ng'ombe wale watulie, nikaweka jani juu ya maji na kutupa jiwe mbali nalo. Viduara vikaja.

"Mnaona? Jani linapanda na kushuka tu. Kama kitambaa kwenye kamba."

"Ndiyo, Mwalimu," darasa likaitika.

"Hapana, Mwalimu."

Ilitoka nyuma. Ilikuwa sauti kubwa, kubwa kupita alivyokusudia, nadhani, maana bado alikuwa hajajua kuipima. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa.

"Hapana nini, Bhoke?"

"Halipandi na kushuka tu. Linakwenda mbele kidogo, halafu linarudi. Linazunguka."

"Labda ni upepo," nikasema.

"Hakuna upepo, Mwalimu. Tupa tena."

Wenzake wakaguna. Mmoja akamwambia, "Wewe, masikio ya juzi tu, leo unabishana?" Bhoke akamjibu, "Masikio ni ya juzi. Macho ninayo tangu zamani."

Nikatupa tena. Alikuwa sahihi, na nilijua yuko sahihi. Maji ya juu katika wimbi huchora duara dogo: hupanda na kushuka kama kamba, na papo hapo huenda na kurudi kama ng'ombe wa josho. Ni mawimbi yote mawili katika moja. Nilikuwa nimezoea kuwarahisishia wa kidato cha pili, nikiamini hakuna atakayeliona kwa jicho. Hakuna aliyewahi kuliona kabla ya mtoto aliyeishi miaka yake yote kwa kutazama.

Tukatupa mawe mpaka kila mmoja akaliona lile duara. Kipindi kilipoisha, baba yake alizunguka lambo, akanijia.

"Amekukatalia."

"Amenikatalia."

"Mbele ya wote."

"Mbele ya wote, na ng'ombe wako."

"Na ni yeye mwenye haki?"

"Ni yeye."

Aliwapigia mluzi ng'ombe wake. "Nyumbani akianza kunikatalia mimi, nitamweka wapi?" akasema. "Abaki huko huko kwako. Akukatalie wewe, wewe ndiye unayelipwa."

Alimaliza shule. Siku hizi anauza vipuri vya bodaboda Nyamongo, katikati ya kelele zote zile, na akinipigia simu lazima niiweke mbali kidogo na sikio. Mwalimu Ghati alistaafu mwaka uliofuata ule wa lambo, na baadaye tukamzika kwao, kwenye mteremko unaotazama Nyanungu. Maabara niliendelea nayo peke yangu mpaka mlipokuja nyinyi. Mara nyingi, nikiwa nimepata swali gumu, niligeuka kumuuliza, nikakuta kabati.

Kwa hiyo, mwalimu kijana, jibu langu ni hili. Anza na kitu wanachokijua wao, hata kama kitabu kina kizuri zaidi. Shona kitambaa. Na ukiona wanakutazama tu, usiogope. Endelea kuuliza mpaka mmoja akukatalie. Hapo ndipo somo linaanza.

Mimi nimerudi kwetu Serengeti. Nalima kidogo, nafuga kidogo. Watu wananiheshimu mno. Nikipita vijana wanazima redio, na nikisema lolote wazee wenzangu wanasema ndivyo, Mwalimu amesema. Asubuhi, saa ile ambayo kule rimu inagongwa, huwa najikuta nimesimama uani bila kazi, mikono imekaa kama imeshika chaki. Juzi jirani yangu alikuja kuazima jembe. Wingu lilikuwa limepiga radi upande wa mbugani, tukaona mmweko, tukangoja ngurumo. Nikamwambia, kwa makusudi, kwamba sauti husafiri haraka kuliko mwanga.

Nikamtazama usoni, nikangoja.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, akachukua jembe, akaenda zake.